Ile ya Ghorofa

Ukikaa kwenye ofisi ya tiketi Mwanjelwa, Mbeya, unalizoea swali moja. Mfanyabiashara anakwenda Guangzhou kufuata vitenge au vipuri vya pikipiki. Ameshauliza nauli, ameshauliza kilo, pasi ya kusafiria iko mezani, halafu anainama kidogo: "Lakini itakuwa ile ya ghorofa?"

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo, mradi apitie Dubai. Siku hizi jibu ni "tuangalie ratiba", na mara nyingi ni hapana. Wapo wanaonuna, wakidhani wanauziwa kitu hafifu. Sivyo. Dege lenyewe, Airbus A380 la ghorofa mbili, ndilo linaloondoka sokoni, na sababu zinazoliondoa ni zilezile ambazo mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe angepaswa kuzijua kabla hajatoa hela ya tiketi ya mbali. Sisi wauzaji tuna lawama yetu. Ghorofa tuliinadi kama mahindi ya kuchoma stendi, tukasahau kumwambia mteja kwamba safari yake haiharibikii angani. Inaharibikia Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, na ikipona hapo inaharibikia Dar.

Tuanze na dege. Boeing 747, jumbo, ilianza kubeba abiria tarehe 22 Januari 1970, New York kwenda London. Lile nundu la mbele halikuwekwa kwa fahari. Ilipokuwa inachorwa, wengi waliamini kwamba baada ya muda mfupi abiria watahamia ndege zinazoishinda sauti kwa mwendo, na jumbo litabaki kazi ya mizigo. Kwa hiyo chumba cha marubani kikapandishwa juu, ili pua iweze kufunguka na mzigo uingie kwa mbele. Mambo yakaenda kinyume: Concorde, mojawapo ya ndege hizo za kuishinda sauti, ikaacha kuruka mwaka 2003, jumbo likaendelea kutengenezwa hadi la 1,574, lililokabidhiwa tarehe 31 Januari 2023. Na hilo la mwisho ni la mizigo tu, kama wachoraji walivyowaza tangu mwanzo.

Airbus A380 ilikuja kumzidi mkubwa. Ilianza kazi tarehe 25 Oktoba 2007, Singapore kwenda Sydney, ghorofa mbili kutoka pua hadi mkia, injini nne, uzito wa kuruka hadi tani 575. Mabawa yake yana upana wa karibu mita 80. Ukiliweka katikati ya uwanja wa mpira wa kawaida wenye upana wa mita 68, mabawa yatavuka mistari ya pembeni kwa karibu mita sita kila upande. Matangi yake yanabeba kama lita 320,000 za mafuta. Yale malori ya mafuta unayopishana nayo Mlima Nyoka yakielekea Tunduma, kwa lita 40,000 kila moja, yanatakiwa manane kulijaza dege moja.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma.

A380 inakunywa takriban tani 11 hadi 12 za mafuta kwa saa. Chukua tani 11.5. Ikiwa imejaa watu 500, kila abiria anabeba kilo 23 za mafuta kwa saa moja ya safari. Boeing 787-8, ndogo zaidi na ya injini mbili, inakunywa kama tani 5, na ile yenye viti 262 ikijaa, kila abiria anabeba kilo 19. Tayari dogo limeshinda, lakini si kwa mbali. Sasa toa watu. Jaza asilimia 60 tu kila moja: A380 ina watu 300, kila mmoja kilo 38. 787 ina watu 157, kila mmoja kilo 32. Tofauti inakua, na bado hujagusa matengenezo ya injini nne badala ya mbili, wala ada za kutua zinazokwenda kwa uzito, wala wahudumu wa ghorofa mbili.

Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa sana hesabu hii. Basi la viti 60 likijaa, hakuna Noah wala Coaster ya kulishinda kwa faida. Likitoka na watu 30, mlima Kitonga hauliulizi lina watu wangapi. Dizeli ni ileile. Tena basi kubwa lina ubaya mwingine: lazima likusanye. Linasubiri, linazunguka, linataka watu wote wafike stendi moja kwa saa ileile. Anayekwenda Chimala na anayekwenda Makambako wote wanalisubiri hilohilo, na wengi wao wangelipa zaidi kidogo wapande chombo kinachoondoka sasa.

A380 ilijengwa juu ya imani kwamba dunia itaendelea kukusanyika kwenye stendi chache kubwa. Imani hiyo ilikuwa na mantiki kwa wakati wake, kwa sababu kwa muda mrefu ndege ya injini mbili ilikuwa imefungwa kamba. Tangu mwaka 1953 kanuni ya Marekani iliitaka isiende mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja inakoweza kutua kwa injini moja. Juu ya bahari, hiyo ni kamba fupi sana. Mwaka 1985 kamba ikarefushwa hadi dakika 120, mwaka 1988 hadi 180, na leo A350 imeidhinishwa hadi 370. Kila kamba iliporefuka, sababu ya kununua injini nne ilipungua. Ilipofika 787 mwaka 2011 na A350 mwaka 2015, zenye miili ambayo nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni badala ya bati, kazi ilikuwa imekwisha. Ndege ya watu 262 iliweza kwenda moja kwa moja mahali ambapo dege la watu 500 lisingejaa hata siku moja.

Mfano wake uko Dar. Kutoka Dar hadi Guangzhou ni karibu kilomita 8,700. Hakuna shirika ambalo lingepeleka A380 kwenye njia hiyo. Haina watu 500 wa kila safari. Lakini 787-8 ya Air Tanzania inaipiga bila kugusa Dubai wala Addis Ababa. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayelilia ghorofa anasahau kwamba kilichoondoa ghorofa ndicho kilichompunguzia kituo kimoja.

Kuondoka kwenyewe kulikwenda haraka. Jumla zilikabidhiwa ndege 251 tu za A380, na kati ya hizo 123 zilikwenda kwa mteja mmoja, Emirates. Biashara ya mteja mmoja inajulikana mwisho wake: Emirates ilipopunguza oda, Airbus ilitangaza Februari 2019 kwamba inafunga, na ya mwisho ikakabidhiwa Desemba 2021. Katikati hapo likaja janga la korona. Mwaka 2020 Air France ikazistaafisha A380 zake zote, na KLM, British Airways na Qantas wakaaga majumbo yao. China Southern ya Guangzhou ilikuwa na A380 tano. Hadi mwisho wa 2022 zilikuwa zimeondoka.

Kinachowashangaza wengi ni soko la mitumba. Ndege ndogo ya miaka kumi hupata mnunuzi. A380 za mwanzo kabisa ziliporudishwa na Singapore Airlines zikiwa na umri wa kama miaka kumi, mbili zilikatwakatwa Tarbes, Ufaransa, kwa ajili ya vipuri. Mashirika madogo hayana abiria wa kulijaza, na hata la mizigo halikuwahi kutengenezwa, kwa sababu waliokuwa wameliagiza walijitoa kufikia 2007. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wa nafasi za mizigo walilijua mapema: ghorofa mbili za watu zina masanduku mengi, lakini tumbo ni moja. A380 inabeba makontena madogo 38 tumboni, Boeing 777-300ER inabeba 44, na ina abiria wachache wa kuyajaza kwa masanduku yao. Anayesafirisha njegere changa au maua kwa ndege alifaidika dege lilipopisha. Wa parachichi za Rungwe na Njombe halimhusu, mzigo wake unakwenda kwa kontena la ubaridi baharini.

Usidhani limekufa kabisa. Kuanzia mwishoni mwa 2021 baadhi ya mashirika yaliyokuwa yameyaegesha jangwani yaliyarudisha: Qatar Airways, kisha Lufthansa na Etihad mwaka 2023. Hayakurudi kwa mapenzi. Abiria walirudi haraka kuliko ndege mpya, na Boeing 777X, iliyotakiwa kuanza kazi mwaka 2020, ilichelewa na kuchelewa. Emirates wao wanakusudia kuyarusha hadi karibu mwaka 2040. Kwa hiyo bado unaweza kulipanda ukipitia Dubai. Kumbuka tu kwamba kipande cha Dar hadi Dubai utapanda 777 hata hivyo. Ghorofa, ikiwepo, ni ya kipande cha pili.

Na hapa ndipo kosa la kwanza la gharama hutokea. Mteja anaambiwa tiketi ya leo kwa 777 ni nafuu, ya kesho kwa A380 imezidi, naye analipa ziada na usiku mmoja wa hoteli ili akae juu. Anafika, anaelekezwa chini. Katika mashirika mengi ghorofa ya juu yote, au karibu yote, ni ya daraja la kwanza na la biashara. Ekonomi inajazwa ghorofa ya chini. Kuna matoleo yenye ekonomi nyuma ya ghorofa ya juu, lakini ni lazima uangalie ramani ya viti ya safari hiyohiyo, usiamini picha za kwenye mtandao wa shirika.

Hata ramani haikulindi. Ndege hubadilishwa. Shirika likiona dege halitajaa, linaleta 777 au A350, na namba ya kiti uliyolipia inayeyuka. Safu za 777 ni chache kuliko za A380, kwa hiyo mwenye safu ya 70 kwenda juu ndiye anayehamishwa kwanza, mara nyingi katikati ya watu wawili. Kama ulilipia kiti, dai hela ya kiti. Inarudishwa ukiomba, haiji yenyewe. Na ingia kwenye bukingi yako saa 72 kabla, kisha tena saa 24 kabla, uone kama aina ya ndege imebaki ileile.

Aina ya ndege imeandikwa kwenye tiketi kwa herufi na tarakimu tatu, na watu wengi hawazisomi kamwe. 388 ni A380. 77W ni 777-300ER. 788 na 789 ni 787-8 na 787-9, ya pili ndefu kidogo. 359 ni A350-900. 74H ni jumbo la mwisho, 747-8, ambalo kwa abiria limebaki kwa mashirika machache kama Lufthansa, Korean Air na Air China. Kwa huku kwetu, 223 ni A220-300, AT7 ni ATR 72, na DH4 ni ile ya panga boi, Q400. Kipande chenye DH4 kwenye tiketi yako ndicho cha kukihofia, kuliko hicho chenye 388.

Songwe ilifunguliwa Desemba 2012, njia yake ya kurukia ni ndefu kupita kilomita tatu. Kila mwaka anatokea mtu wa kusema "hata A380 ingetua hapa". Urefu peke yake hautoshi. Dege la mabawa ya mita 80 linataka barabara za pembeni na maegesho ya kulipitisha bila kugonga kitu, linataka lami inayohimili tani mia kadhaa, na linataka kikosi cha zimamoto cha ngazi ya 10, ya juu kabisa katika viwango vya kimataifa. Wanaosafiri na A380 huingia kwa njia mbili au tatu za kupandia kwa mara moja ili upakiaji usile nusu siku. Kisha hata angani linasumbua wenzake: linaacha nyuma yake upepo wa kuzunguka mkubwa kiasi kwamba ndege ya ukubwa wa kati inayofuata kutua huachwa maili 7 za baharini.

Isitoshe, Songwe iko mita 1,345 juu ya bahari. Saa nane mchana joto likifika nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kama ya mahali palipo mita 2,000 na zaidi. Bawa linashika kidogo, injini inavuta kidogo, ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi na njia ndefu zaidi kabla haijainuka. Hili si la madege tu. Ndege ndogo ikiwa imejaa watu na mchana una joto, kinachopunguzwa ni mzigo. Ndiyo sababu sanduku lako linaweza kubaki Songwe wewe ukiwa umeshafika Dar. Ukiwa na hiari, chukua ndege ya asubuhi, weka nguo za siku mbili, dawa, na karatasi zote kwenye begi la mkononi.

Lakini asubuhi ya masika nayo ina mambo yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hukaa chini na ukungu huziba bonde. Rubani amewekewa kimo. Akifika hapo hajaiona njia, anageuza, na mara nyingine anarudi nayo hadi Dar. Ndege iliyotakiwa kukuchukua wewe ndiyo hiyo iliyorudi. Tangazo litasema saa nne, litasema saa sita, halafu litasema kesho. Kwa miezi hiyo ushauri wetu haubadiliki: nenda Dar siku moja kabla. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndege ya asubuhi kwa safari ya usiku kutoka Dar kwa kawaida inatosha, ukiacha angalau saa sita katikati.

Kwa nini siku nzima? Kwa sababu ya basi. Dar iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, mtu ambaye ndege yake imefutwa saa nne asubuhi anaweza kupanda basi la jioni na kuamka Dar kesho yake, ndege ya nje ikiwa bado haijaondoka. Bila ile siku ya akiba, basi halikuokoi. Treni ya TAZARA ni safari nzuri, lakini si ya mtu anayewahi ndege.

Ila kabla hujapanda hilo basi, soma tena tiketi yako. Kama ni tiketi moja kuanzia Songwe hadi mwisho wa safari, na wewe ukaruka kipande cha kwanza kimyakimya, mfumo utakuhesabu hukutokea na utafuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi. Unafika Dar umechoka, unaambiwa huna safari. Lazima shirika likubali kwanza na kuibadilisha tiketi, na kibali hicho ukipate kwa ujumbe wa maandishi, si kwa kutikisa kichwa kwa mtu wa dirishani. Wapo waliolipa tiketi nzima upya kwa kosa hili, na ndilo ghali kuliko yote katika orodha yetu.

Tiketi mbili tofauti zina ubaya wake wa upande wa pili. Unanunua Songwe–Dar kwa shirika moja, Dar hadi ng'ambo kwa jingine, na kwenye karatasi unaokoa laki moja au mbili. Hapo kila shirika linajua kipande chake tu. Ndege ya ndani ikichelewa, ya nje haina deni nawe: unalipa faini ya kubadilisha na tofauti ya nauli ya siku hiyo, ambayo huwa ya juu kabisa. Mizigo unaitoa Dar na kuichekini upya. Na kilo hazilingani. Shirika la nje linaweza kukuruhusu vipande viwili vya kilo 23. Ndege ya ndani inakuruhusu kimoja. Kipande cha pili unakilipia kwa kilo, Songwe, taslimu au kwa simu, kwenda na kurudi. Ukijumlisha, ile laki uliyookoa imeshaondoka na wenzake.

Tiketi moja inawezekana pale mashirika mawili yana makubaliano, au pale shirika hilohilo linapokuchukua kutoka Songwe hadi ng'ambo. Uliza swali hili kwa maneno haya: "Mzigo wangu utaandikiwa hadi mwisho?" Jibu likiwa hapana, unazo tiketi mbili, hata kama zimechapwa kwenye karatasi moja.

Dar nayo ina mtego wa majengo. Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019, si lile la Pili, na kati yake si mwendo wa kuburuta masanduku mawili jua la saa saba. Angalia kwenye tiketi unashukia jengo gani na unaondokea lipi. Tenga saa moja kwa kuhama tu.

Ndege ikifutwa huko ng'ambo, ndipo unapouona ubaya wa ukubwa wake. A380 moja ikilala, watu mia tano wanahitaji viti kwenye safari zinazofuata, na zote zina viti kumi, ishirini vilivyobaki. 787 ikilala, wanaogombea ni nusu yake. Usisimame tu kwenye foleni. Ukiwa kwenye foleni piga simu kwa aliyekukatia tiketi, maana yeye anaona viti kwenye kompyuta kabla hujafika dirishani. Namba ya bukingi, zile herufi sita, iandike kwenye karatasi. Simu huisha chaji siku kama hizo.

Tusizisifu ndogo kupita kiasi. Injini mbili za kisasa zinaokoa mafuta kwa sababu zinafanya kazi kwa joto kali sana, na joto hilo linakula vyuma. Trent 1000 za Rolls-Royce zinazofungwa kwenye baadhi ya 787 ziliwahi kutolewa mapema kwa sababu ya mapanga ya ndani kuchakaa; zile za Pratt & Whitney za A220 nazo ziliegesha ndege nyingi duniani zikisubiri karakana. Wenye ndege tatu wakibaki na moja, ratiba ya Songwe inapunguzwa kabla ya ile ya Dubai. Ndiyo maana tunasema ulizia pia ndege ya pili ya siku hiyohiyo kama ipo. Kama haipo, ile siku ya akiba si ya masika tu.

Mwili nao unaijua tofauti. Ndani ya ndege za zamani hewa hushushwa hadi kufanana na ya mita 2,400, karibu na kukaa Kitulo kwa saa kumi. Kwenye 787 haizidi kama mita 1,800, na jiji la Mbeya lenyewe liko kama mita 1,700. Mtu wa Uyole akikaa humo yuko nyumbani, kichwa hakimuumi. A380 pia inasifika kwa utulivu wake, na huo ni wa kweli. Mtikisiko unausikia kwa mbali, kama lori likipita barabara ya pili. Wanaoikumbuka kwa mapenzi hawakosei.

Kurudi ndiko kunakosahaulika. Sanduku moja lisizidi kilo 32 hata kama umelipia, wapakiaji hawalipokei. Pawabenki ziende mkononi, kamwe si tumboni, na zisizidi saa-wati 100, yaani kama mAh 27,000. Bidhaa nyingi zipeleke kwa wakala wa kontena. Rudi na sampuli tu. Ukitua Dar na vipande viwili wakati ndege ya Songwe inakubali kimoja, usibishane na mizani. Kimoja kipeleke ofisi ya vifurushi ya mabasi ya Mbeya, kifunge kwa kamba, andika jina lako na namba mbili za simu pande zote mbili za mzigo kwa kalamu isiyofutika, piga picha risiti, na waambie wa ofisi utakichukulia stendi gani. Mara nyingi kinafika kesho yake asubuhi. Mara nyingine kinafika kabla yako.